Kabla ya mkopo, mpeni mtu wa kukaa naye

Kila nikienda Pemba naskia "mitaji hakuna, mitaji hakuna", na kweli mitaji shida, lakini mimi naona kuna shida inatangulia hiyo.

Mamdogo wangu yupo Micheweni, analima mwani na anapika sabuni za mwani na karafuu. Alienda benki moja Chake akaulizwa mauzo yako kwa mwezi shilingi ngapi, akajibu "inategemea", basi wakamrudisha. Na alisema kweli! Mwani unakaa baharini kama wiki sita ndo unavunwa, na kazi yenyewe inafuata bamvu, yale maji makubwa yanayotoka mbali, maji mafu bahari haitoki vizuri huna pa kwenda, sasa mauzo ya kila mwezi atayatoa wapi?

Aliyemtoa hapo ni kijana mshauri wa biashara aliyekuja kwenye kikundi chao. Hakuleta maneno mengi, alikaa nae barazani na daftari la skuli la mtoto, akapiga mstari katikati, huku sabuni huku nyumba. Ndo ikajulikana mafuta ya nazi ya sabuni ni yaleyale ya mchuzi wa nyumbani na kostiki, ile dawa ya kugandisha sabuni, hajawahi kuipigia hesabu hata siku moja, yaani miaka yote anauza kipande chini ya gharama na mwenyewe anadhani anapata faida. Roho iliniuma sana.

Baada ya miezi minne ya daftari wakaenda pamoja kuomba tena, marejesho yakapangwa kufuata mavuno, na kwa vile riba hataki kuiskia wakaomba murabaha, benki inanunua mashine ya kusagia halafu inamuuzia yeye kwa faida wanayokubaliana mwanzo.

Huo ndo ushauri mimi naoutaka, sio semina ya siku mbili hotelini, wala wale wa kukuandikia andiko la mradi kwa pesa, maana nimeliona moja kwa macho yangu linazungumzia kuku wa nyama na mwenyewe analima tungule, yaani nyanya! Wengi wetu shamba ni la familia au eka tatu zilizogaiwa na serikali, hati ya kuweka dhamana hatuna, kwa hiyo daftari ndo dhamana yetu. ZEEA, wakala wa serikali ya Zanzibar wa kuwezesha wananchi kiuchumi, na mabenki wamhesabu mshauri kuwa sehemu ya mkopo, na alipwe kwa miezi aliyokaa na mtu mpaka marejesho yanaanza.

Mashine imefika kabla ya bamvu lililopita. Mamdogo yupo daftari la pili sasa, na bei ya kostiki kaiandika ukurasa wa mwanzo.