Ndoo nyekundu nyuma ya mbanguaji

Picha nyingi zinazopigwa Mtwara wakati wa msimu wa korosho zina kasoro moja, nayo haitokani na ubovu wa simu wala na mkono usiotulia: zina vitu vingi mno vinavyodai kutazamwa kwa wakati mmoja. Mpiga picha anakusudia kumwonyesha mama anayebangua korosho, lakini jicho la mtazamaji linatua kwanza kwenye ndoo nyekundu iliyo nyuma yake, linahamia kwenye mfuko mtupu wa salfa, ile dawa ya mikorosho, unaong'aa juani, kisha linajaribu kusoma jina la kanga iliyoanikwa kambani, na linapomfikia mama mwenyewe limekwisha kuchoka. Wengi wetu hukimbilia kumwongezea mama mwanga, kumkoleza rangi na kuutia ukungu upande wote wa nyuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia inayoharibu picha zaidi. Uhariri unapaswa kuanza na vile vinavyomnyang'anya mama nafasi yake, na yeye aguswe mwisho, tena kidogo.

Jicho la binadamu lina mazoea yake. Huvutwa na sehemu yenye mwanga mkali kuliko nyingine, na mahali ambapo weupe unapakana na weusi, na rangi iliyokolea, hasa nyekundu, na sura ya mtu, na maandishi yoyote yanayosomeka. Kwetu Uswahilini hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa kanga haiwezi kupita mbele ya mtu anayejua kusoma bila jina lake kusomwa. Ukiyajua mazoea hayo, unaitazama picha na kujiuliza ni kitu gani kati ya hivyo kinachoshindana na mhusika.

Turudi kwa mbanguaji. Vidole vyake vimeingia weusi wa mafuta ya ganda, ardhi aliyokalia imejaa vipande vya maganda yaliyoungua, na katikati ya vidole hivyo kuna kiini kimoja cha korosho, cheupe kama pembe ya ndovu. Picha imekwisha kujitengeneza hapo, kwa sababu weupe huo juu ya weusi ule ndio unaoeleza kazi yote na gharama yake. Kinachokosekana ni kimoja tu: kiini hicho kiwe ndicho kitu cheupe kuliko vyote ndani ya fremu. Kwa hiyo mfuko wa salfa uteremshwe mwanga mpaka ukaribie rangi ya udongo, na maandishi yake yatafifia pamoja nao. Ndoo ipunguzwe ukolezi wa rangi, isigeuzwe kijivu, bali ibaki na wekundu wa tofali la kuchoma. Kanga ikiwa ukingoni mwa picha, ikatwe. Ikiwa nyuma ya kichwa, ipunguzwe mwanga na ukali wa mistari. Baada ya hayo mikono itajitokeza, na mara nyingi haitahitaji kuongezwa chochote. Programu kama Snapseed, ambayo haitozi fedha, inakuruhusu kugusa sehemu moja tu ya picha na kubadili mwanga na rangi yake bila kuathiri sehemu nyingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipitishia picha nzima chujio (filta) moja.

Kukata kingo kuna gharama yake. Picha ya megapikseli 12, yaani yenye pikseli (vitone vinavyoiunda picha) 4,000 kwa 3,000, ukiikata nusu ya upana na nusu ya kimo hubaki na megapikseli 3. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti, lakini bango la harusi au la maonyesho litaonyesha.

Jambo linalonisumbua kuliko mengine ni namna tunavyozishughulikia nyuso zetu. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Oktoba, korosho zinapovunwa, jua la adhuhuri hupita karibu wima kabisa juu ya vichwa vyetu. Macho huzama kwenye kivuli cha paji la uso, na kofia au mtandio huongeza kivuli kingine. Ukimpiga mtu huyo mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati, kamera huhesabu kwamba mwanga umezidi, hivyo huipunguza picha nzima na uso unazidi kuwa giza. Katika studio nyingi uso huo huongezwa mwanga mpaka unakuwa na rangi ya majivu, au mpaka bwana harusi anarudishiwa picha ya mtu mweupe kuliko yeye. Teremsha mwanga wa ukuta kwanza. Uso mweusi uliosimama mbele ya ukuta uliotulia husogea mbele wenyewe, na rangi yake inabaki ile aliyozaliwa nayo. Kivuli cha machoni kiinuliwe kidogo, na ule mng'ao wa paji la uso na mashavu usifutwe kwa kisingizio cha jasho, kwani ndio unaoupa uso umbo lake.

Wapo wanaosema kwamba hata kazi hii ya kufifisha ni udanganyifu wa zama za simu. Si kweli. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, alipoipiga picha yake mashuhuri ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, alikuwa na negativu moja tu, yaani filamu moja ya kuchapishia picha hiyo, lakini aliendelea kuichapisha kwa miaka mingi kwa namna tofauti. Katika nakala za mwanzo mbingu ina mwanga na mawingu. Katika nakala za baadaye imekuwa nyeusi karibu kabisa, na kinachobaki kutazamwa ni mwezi na misalaba ya makaburini. Alifanya hivyo kwa kuzuia na kuongeza mwanga juu ya karatasi ndani ya chumba cha giza. Vidole vyetu juu ya kioo cha simu vinafanya kazi ileile.

Ukungu wa kutengenezwa na simu siupendi, si kwa sababu unakula ncha za nywele na ukosi wa kanzu tu, bali kwa sababu unaufuta mji. Aliyepigwa picha Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, mbele ya ukuta wa mawe ya matumbawe anastahili ukuta huo uonekane, ingawa kwa sauti ya chini.

Kufifisha na kufuta ni mambo mawili. Mwaka 2010 waandaaji wa World Press Photo, tuzo ya kimataifa ya picha za habari, walimnyang'anya mpiga picha mmoja ushindi wake baada ya kubainika kwamba alikuwa ameondoa kipande cha mguu wa mtu aliyekuwa nyuma ya mhusika. Picha hiyohiyo ilikuwa imekatwa kingo sana, imegeuzwa nyeusi na nyeupe na kutiwa giza pembeni, wala hayo siyo yaliyomgharimu. Nakubaliana na uamuzi huo kwa picha yoyote inayodai kueleza mahali. Bibi harusi akitaka chupa ya maji iondolewe mezani, iondolewe, kwa kuwa picha ni yake. Anayewaonyesha wageni mlango wa nakshi wa Mikindani hana ruhusa hiyo juu ya nyaya za umeme zinazopita mbele yake. Asogee hatua mbili kushoto kabla ya kupiga, na ikishindikana ateremshe mwanga wa mbingu iliyo nyuma ya nyaya, kwa sababu waya mweusi huonekana sana pale mbingu inapokuwa nyeupe.