Kijiwe kwenye kichupa, na swali la kupasua au kusubiri

Mama mkubwa ametunza kijiwe chake cha figo ndani ya kichupa cha dawa ya macho. Ni cha kahawia, kina miiba kama kipande cha tumbawe, na ukitikisa kichupa kinalia. Hicho ni cha pili. Cha kwanza kilimtoka miaka 6 kabla, akaambiwa anywe maji mengi. Kati ya kijiwe na kijiwe alitibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa baridi yabisi, akavunjika mkono kwa kuteleza tu bafuni. Kila alikokwenda walitibu walichokiona. Kilichonikaa moyoni ni kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyempima kalsiamu kwenye damu.

Alipopimwa hatimaye ilikuwa milimoli 2.95 kwa lita, wakati kwa mtu mzima mwenye afya haitakiwi kupita kama 2.6. Homoni ya parathiroidi, inayosimamia kalsiamu mwilini, nayo ilikuwa juu. Ugonjwa wake ulikuwa wa tezi za parathiroidi kutoa homoni kupita kiasi.

Tezi za parathiroidi kwa kawaida ni 4, zimejificha nyuma ya tezi ya shingo, kila moja kama punje ya mchele. Kalsiamu ikishuka, zinatoa homoni inayoichota mifupani, inayozuia figo zisiimwage, na inayoamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Tezi moja ikivimba na kuacha kutii, na ndivyo ilivyo kwa wagonjwa karibu 8 katika 10, mifupa inachotwa usiku na mchana. Kalsiamu iliyozidi inaishia kwenye mkojo, na huko ndiko vijiwe vinakotengenezeka. Wanaougua zaidi ni wanawake waliokoma hedhi.

Kwa mama mkubwa hapakuwa na cha kubishania. Vijiwe, mfupa uliovunjika kirahisi, kalsiamu ya juu: popote duniani angeshauriwa upasuaji. Mjadala ulianza kwa mdogo wake, yaani mama yangu, mwenye miaka 67. Alipimwa kwa sababu ya dada yake tu. Haumwi popote. Kalsiamu yake 2.66, na mbele ya homoni ya parathiroidi maabara wakaandika "kawaida".

Wengi wangeishia hapo. Lakini fikiria tenki la maji la nyumbani. Likijaa, boya linapanda na kufunga maji. Ukikuta tenki limefurika na maji bado yanaingia, hata kwa kasi ya siku zote, boya ni bovu. Kalsiamu ikipanda, homoni hii inatakiwa kushuka hadi karibu kuzimika. Ikibaki katikati, hiyo kawaida si kawaida, na karatasi ya maabara haiwezi kukuambia kwa sababu inasoma kila mstari peke yake. Anayeisoma mistari miwili pamoja ni daktari, tena daktari mwenye muda.

Sasa, mtu kama mama apasuliwe au asubiri? Swali hili lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashine za maabara za Marekani zilianza kupima kalsiamu pamoja na vipimo vingine kwa mkupuo mmoja, hata pale daktari asipoiomba. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa nadra ukaanza kuonekana kwa watu wengi wasiolalamikia chochote.

Wanaotetea kusubiri wana ushahidi wa nguvu. Norway, Sweden na Denmark waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 191 wenye miaka 50 hadi 80 na kalsiamu iliyopanda kidogo: wengine wakapasuliwa, wengine wakafuatiliwa. Matokeo ya miaka 10 yalitoka 2022. Vifo havikutofautiana, na maradhi makubwa, pamoja na kuvunjika mifupa, hayakuonyesha tofauti ya wazi. Siwezi kuliruka hilo kwa sababu tu sipendi kumwona mama akikaa na tezi mbovu shingoni.

Upande wa pili nao haujakosa hoja. Wagonjwa waliofuatiliwa New York kwa miaka 15 walionyesha kitu ambacho miaka 10 inaweza isikionyeshe vizuri: kwa wasiopasuliwa, mifupa ilitulia kwa muda, kisha ikaanza kupungua madini, na zaidi ya theluthi ya wale wasio na dalili walifikia hali ya kustahili upasuaji. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2022 unashauri kupasua mapema mtu aliye chini ya miaka 50, au ambaye kalsiamu yake imevuka kikomo kwa zaidi ya milimoli 0.25, au mwenye kijiwe hata asichokihisi, au ambaye figo au mifupa imeshaanza kudhoofika.

Ninachokiona mimi ni kwamba "kusubiri" kwa Wadenmark na "kusubiri" kwetu ni vitu viwili. Kwao ni kazi yenye ratiba: kalsiamu na kreatinini, kipimo cha figo, kila mwaka, mifupa kila mwaka mmoja au miwili, faili lile lile. Kwetu mtu akiambiwa hali si mbaya, anarudi nyumbani. Faili linapotea, daktari anahamishwa, nauli ya kwenda mjini inaliwa na ada ya shule. Anarudi na kijiwe. Utafiti uliopima ufuatiliaji makini haujatupa ruhusa ya kusahau watu.

Lakini hoja hiyo haitoshi kumpeleka kila mtu chumba cha upasuaji. Mwaka 1926 nahodha wa meli Mmarekani, Charles Martell, alipasuliwa shingo kwa ugonjwa huu huu, mifupa ikiwa imelainika hadi kimo chake kikapungua kwa karibu sentimita 18. Hawakuona tezi yenye ugonjwa. Wakarudia, wakarudia tena. Iliyokuwa mbovu ilikutwa kifuani mwaka 1932, kwenye upasuaji wa saba, na wiki chache baadaye alifariki kutokana na matatizo ya kijiwe cha figo. Leo kuna picha za kuitafuta tezi kabla ya kukata, na daktari mzoefu huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika 100. Neno zito hapo ni mzoefu. Upasuaji huu unapita jirani na mshipa wa fahamu wa sauti, na kwa mwalimu, muadhini au mwimbaji sauti ndiyo riziki.

Tezi zote zikiharibika kwenye upasuaji ndipo unapoingia kwenye ugonjwa wa kinyume chake. Wanaoujua ni baadhi ya waliotolewa rovu: midomo inaingia ganzi, vidole vinakakamaa, wengine wanadegedeka na kuhisiwa wana kifafa. Watameza vidonge vya kalsiamu na vitamini D maalumu maisha yao yote. Nawaomba madaktari wamweleze mgonjwa wa rovu habari hii kabla ya kumpasua, kwa Kiswahili, tena mbele ya anayemuuguza.

Kuna wanaosema basi tupime kalsiamu kwa kila mtu. Sikubaliani nao. Mpira ukikaa mkononi muda mrefu mshipa ukitafutwa, kalsiamu inapanda kwa uongo. Albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, ikiwa chini, kalsiamu ya jumla inashuka kwa uongo. Baadhi ya dawa za presha huipandisha, na upungufu wa vitamini D huweza kuuficha ugonjwa wenyewe. Zipo pia familia zenye kalsiamu ya juu kwa kurithi, kwa kawaida bila madhara. Hao ukiwapasua unawaachia kovu tu. Ukiwapima maelfu wasio na tatizo, utawatisha wengi kwa gharama yao wenyewe. Ila mwenye kijiwe, mfupa uliovunjika bila sababu ya maana, au kiu, kufunga choo na uchovu visivyoeleweka, huyo kumkosesha kipimo hiki ni kosa.

Mama ilibidi akusanye mkojo wa saa 24, kuondoa shaka ya ule wa kurithi. Alipewa galoni akaiweka kivulini nyuma ya mlango wa bafu, akaandika kwenye karatasi saa aliyoanza. Usiku aliamka mara 3, na kila mara nilisikia akiihamisha galoni taratibu isimwagike. Majibu yakaondoa ya kurithi. Figo zake nzima, picha haikuonyesha kijiwe.

"Mama," daktari alimwambia, "leo sikupasui. Lakini ukiniahidi utarudi."

"Niandikie tarehe, mwanangu. Zote."

Akamwandikia za miaka 2 kwenye jalada la daftari la kliniki. Bado kipimo cha mifupa, na hicho kikija kibaya tumekubaliana anapasuliwa. Mama mkubwa ameshapasuliwa. Usiku ule midomo ilimwasha, muuguzi akaja na kalsiamu bila kuitwa mara ya pili. Madaktari huhesabu mtu amepona kalsiamu ikikaa sawa kwa miezi 6. Yake imekaa miezi 4.