Mkutano saa nne, bahari nayo imekupwa

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani kulizuka ubishi, jamaa mmoja anayezunguka na miradi analalamika kwamba watu wa pwani huku Tanga hawashirikishiki, ukiwaita mkutanoni hawaji, wakija wanakaa kimya, mradi ukishaanza ndo utasikia hatukushirikishwa. Wengi wakamuunga mkono. Mimi sikumuunga, na naandika kwa sababu hilo neno "hawashirikishiki" nimelisikia miaka mingi sasa na naona linawaonea watu.

Nianze na haki yake lakini. Kazi ya kuongea na wadau ni ngumu jamani. Chukulia bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kuja hapa Chongoleani, kilomita 1,443, upande wa Tanzania peke yake linapita mikoa 8, sasa timu ya mradi wa aina hiyo ina ratiba, ina dizeli ya gari, ina wakubwa wanaodai ripoti. Na ni kweli wapo wanaokuja kusaini posho tu, wapo wanaogeuza mkutano kuwa kampeni ya mtaa, na vijana wetu hapa wanaosubiri ajira kila mradi ukichelewa wanaoumia ni wao. Yote hayo nayakubali.

Ila tuangalie saa. Niliwahi kuchukuliwa kuandika muhtasari kwenye mkutano wa wadau, mtaa mmoja wa wavuvi, taasisi siitaji. Barua ilisema saa nne kamili asubuhi. Turubai limefungwa, viti vya plastiki, katoni za maji, projekta ambayo kwa ule mwanga hakuna aliyeona kitu. Wanaume kama ishirini na kitu, wanawake watano, na wawili kati yao ndo waliokuwa wanapika. Ukigeuka tu nyuma ya turubai unaona bahari imekimbia mbali, mwamba uko wazi kabisa, na juu yake wanawake wametapakaa wameinama, vijiti mkononi, wanachokoa pweza. Ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kukupwa sana. Nami nikaandika kama nilivyoelekezwa: "mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo". Sentensi ile inaniuma mpaka leo.

Kwa asiyeijua bahari yetu, iko hivi. Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwa pwani hii siku hizo maji yanakupwa kabisa mchana mida ya saa nne, saa tano. Saa nne! Yaani saa ileile ambayo kila ofisi nchi hii inapenda kuitishia mkutano. Mwanamke wa pweza au wa mwani siku zake za kazi ni hizo chache, na ndani ya siku yenyewe ni masaa machache kabla maji hayajarudi, ukimwita pale unamwambia achague kati ya maoni na unga wa jioni. Wiki moja tu mbele maji yanakuwa mafu, yaani hayakupwi sana, saa nne hiyohiyo mwamba umefunikwa na yeye yuko barazani anasuka ukili, angekuja, na angesema mengi. Wiki moja! Na hizi habari za maji kupwa na kujaa zinapigiwa hesabu mwaka mzima kabla, hazihitaji utafiti, muulize mtoto yeyote wa Sahare atakwambia kwa kuangalia mwezi.

Wavuvi wa dagaa sasa wao ni kinyume, wanavua usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo mapumziko yao ni mwezi mpevu, siku zilezile mama zao wako mwambani. Maana yake mkutano mmoja hautoshi hata uupange vizuri vipi, inabidi iwe miwili, na hapo mtu wa bajeti anakunja uso. Namwelewa. Ila siku ya pili ya mkutano ni turubai na soda, kuja kuvutana na mtaa mzima wakati kazi imeshaanza kunakula miezi.

Halafu kuna hili la ukimya. Mkutano ule bibi mmoja alisimama akauliza, "Mwanangu, mmekuja kutuuliza au kutupa habari?" Akajibiwa maoni yenu yatafanyiwa kazi. Baada ya hapo hakuna aliyenyoosha mkono, na mrejesho mpaka leo haujarudi. Katiba yetu ibara ya 21(2) inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu, kufikia uamuzi, siyo kusomewa uamuzi uliofikiwa Dar.

Na watu wa pwani hawa hawa ndo waliokaa na maafisa kwenye ule mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani Tanga ulioanza 1994, wakakubaliana miamba ipi ifungwe isivuliwe, wakaingia doria kupinga uvuvi wa baruti, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Uvuvi ya 2003 kuzitambua BMU, vile vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi wa pwani yao. Fikiria mvuvi anakubali kufunga mwamba unaomlisha. Baruti ilikuja kurudi baadaye, sidai kila kitu kilinyooka, lakini watu wasioshirikishika hawafanyi vile.

Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo, na timu ile kweli iliondoka saa sita na nusu. Wanawake wakapanda kutoka mwambani na ndoo zao wakati vijana wanakunja turubai. Mama mmoja, kanga imelowa mpaka magotini, akaniuliza walikuwa wanasemaje. Nikamweleza tumesimama hapohapo, dakika mbili tatu, na yeye akanieleza kitu kuhusu njia ya kushukia pwani ambacho hakikuwemo kwenye muhtasari wangu na gari lilishakata kona.