Fundi Richard aliyejichonga kwenye kisima cha ubatizo

Niseme wazi tu, kati ya visima vya ubatizo vya zamani vilivyobaki kwenye makanisa ya Uingereza hiki cha Bridekirk ndio kinanigusa kuliko vyote, na sio kwa sababu ya uzee wake wala nakshi zake, ni kwa sababu fundi aliyekitengeneza yupo pale pale kwenye jiwe, amejichonga akiwa kazini, ana nyundo na tindo mkononi anashughulika na jani.

Bridekirk ni kijiji kidogo huko Cumbria, kaskazini magharibi, jirani na mji wa Cockermouth. Jengo la kanisa wanalosali sasa wala sio la kale, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1860 na la zamani limebaki magofu hapo hapo kwenye makaburi. Ila kisima chenyewe ni cha karne ya 12. Ni jiwe la pembe nne limechimbwa katikati, na pande zote nne zimechongwa zikajaa, upande mmoja Yesu anabatizwa na Yohana huku njiwa anashuka na miti imewazunguka, upande mwingine Adamu na Hawa wanafukuzwa bustanini na malaika mwenye upanga, halafu kuna majoka na wanyama wa ajabu wamejikunja kunja humo.

Sasa njoo upande wenye maandishi. Kuna kama utepe umepita kwenye jiwe, na juu ya ule utepe kumeandikwa mistari miwili, na anayeongea ni kisima chenyewe, kinasema Richard ndiye aliyenitengeneza na kwa bidii akanifikisha kwenye uzuri huu. Basi. Na mistari ina vina kabisa, wa kwanza unaishia iwrokte wa pili brokte, yaani huyu bwana hakuridhika kuandika jina tu akatunga na shairi. Chini ya huo utepe ndio yupo yeye, kamtu kadogo kameinama na vifaa vyake.

Wasomi wengi wakifika hapo wanachokitaka ni herufi, na siwalaumu, maana ni herufi za runi, zile za Waskandinavia, zimechanganywa na herufi chache za Kiingereza cha wakati ule, na lugha yenyewe ni Kiingereza sio Kilatini. Hilo ni jambo kubwa. Cumbria walihamia watu wa asili ya Norway miaka mingi kabla, na inaonekana mpaka karne ya 12 bado kulikuwa na watu wa kuzisoma runi, la sivyo angemwandikia nani? Baadaye ujuzi ule ukapotea kabisa. William Camden, msomi mkubwa wa mambo ya kale wa enzi ya malkia Elizabeth wa kwanza, aliyanakili maandishi haya akakiri kwamba hajui yanasema nini, akawaachia wataalamu.

Kinachonikera ni pale watu wanapotaka lazima Richard awe mtu mkubwa. Wapo waliomhusisha na Richard wa Durham, mjenzi mwenye jina wa karne hiyo hiyo, kana kwamba fundi wa kijijini hawezi kufanya kazi nzuri namna hii mpaka apewe cheo! Mimi naona jiwe limeshasema linachotaka kusema. Richard, fundi, alifanya kwa bidii. Inatosha.

Linganisha na kisima maarufu cha kanisa kuu la Winchester, kile cha jiwe jeusi lililotoka Tournai, mji ambao leo uko Ubelgiji, likavushwa bahari mpaka kusini mwa Uingereza. Kimechongwa habari za Mtakatifu Nikolasi akitoa dhahabu ya kuwaozesha mabinti watatu wa baba maskini, ni kazi nzuri mno, na anayetajwa kukileta ni askofu Henry wa Blois aliyekaa Winchester kuanzia 1129 mpaka 1171. Waliopiga nyundo? Hakuna jina hata moja. Na sisi huku ni yale yale, jiwe la msingi la kanisa lina jina la askofu na la mgeni rasmi, fundi hayupo. Kuna watu watasema kuandika jina lako kwenye kitu cha Mungu ni majivuno na mimi nakataa, maana Richard hakujichonga amekaa kwenye kiti, alijichonga anafanya kazi.

Halafu fikiria visima hivi vimepitia nini. Mwaka 1236 askofu mkuu wa Canterbury, Edmund wa Abingdon, aliagiza vifunikwe na kufungwa kwa kufuli, kwa sababu maji yaliyobarikiwa yalikuwa yanakaa humo na watu wanayaiba kwenda kufanyia uchawi, ndio maana visima vingi vya zamani mpaka leo ukiangalia ukingoni unaona matundu na mabaki ya vyuma. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwongozo wa ibada wa bunge wa 1645 ukakataza kubatizia pale vilipokuwa visima vya enzi za Papa, watu wakahamia kwenye mabeseni, vingine vikatolewa nje ya makanisa na vikageuzwa vyombo vya kunyweshea mifugo. Ufalme uliporudi 1660 ndio vikaanza kurudishwa.

Cha Bridekirk kimepita humo kote, na bado kiko kanisani.

Kwa hiyo ikija hoja kwamba mawe kama haya yahamishiwe makumbusho yakae nyuma ya kioo, mimi sikubaliani nayo. Hiki kilichongwa kitiwe maji na watoto wa kijiji wabatizwe humo. Na ukipata nafasi ya kufika Cumbria usiishie kupiga picha ya runi ukaondoka, inama kidogo chini ya maandishi umtafute fundi, ni mdogo na ni rahisi kumpita.