Kushusha kontena: leta rola kabla ya kuongeza vibarua

Kontena likichelewa kushushwa kwenye maghala ya Vingunguti au Kurasini, bosi huita vibarua zaidi. Naona pesa hiyo inapotea. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 ndani. Anayebeba katoni kutoka mwisho wake huenda na kurudi umbali huo kutwa nzima, ndani ya chuma kilichopigwa na jua la Dar. Ukileta vijana watano zaidi, wanagongana mlangoni. Muda unaliwa na kutembea.

Ndiyo maana natetea konveya za kujikunja, zile njia za rola zinazozunguka na kutelezesha katoni, zenye fremu inayofunguka na kujifunga kama mkasi na magurudumu chini. Unaivuta hadi ndani ya kontena, unairefusha kadiri mzigo unavyopungua, inapinda kukwepa nguzo, na kazi ikiisha inafupishwa na kusukumwa pembeni. Wawili ndani wanaweka katoni, wawili chini wanapanga kwenye paleti. Mtunza stoo anahesabu zikipita mbele yake moja moja. Kwangu hilo lina thamani kuliko hata kasi, maana mzigo ukipungua, wa kwanza kushukiwa ni kibarua.

Maghala yetu mengi hayana jukwaa la kupakulia. Lori husimama chini, sakafu ya kontena ikiwa juu zaidi ya mita moja. Basi urefu huo tuutumie: rola za mteremko hushusha mzigo bila mota, umeme uwepo usiwepo. Kupandisha mzigo ndiko kunakotaka mota, na bei hupanda sana. Ghala ambalo kazi yake kubwa ni kushusha lisianzie huko.

Magunia ni shida, kwa kuwa hulegea katikati ya rola na kukwama. Hayo yanataka konveya ya mkanda, na ndiyo ninayotamani zaidi kuona yakitoka migongoni mwa watu. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55, nasi bado tunabebesha vijana gunia la kilo 100.

Je, vijana watakosa kazi? Wanaolipwa kwa kontena watashusha la pili siku hiyohiyo, mradi bei ibaki ileile. Tajiri atakayekata bei kwa sababu rola zimefika, atazikuta zimeegeshwa ukutani, na sitawalaumu vijana.