Gorofa Isiyo na Pa Kukaa

Kutoka njiani hadi kitandani, nyumba ya nyanya yangu kule Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ilikuwa na vituo vitano. Kwanza baraza ya mawe, mgongo ukiegemea ukuta wa chokaa. Kisha mlango na kizingiti chake, ambacho sisi watoto tulikatazwa kukalia. Kisha daka, kijinafasi chenye kiza na ubaridi ambapo macho yalitulia kabla ya kuona lolote. Kisha ukumbi, kisha chumba. Na nyuma ya vyote, uwani, uliokuwa wazi kwa juu ukaona mbingu. Kila mgeni alijua kituo chake. Majirani wa kiume na kikombe chao cha kahawa chungu waliishia barazani. Fundi aliingia hadi daka. Shoga zake nyanya walipita moja kwa moja hadi uwani, hodi wakiipigia njiani.

Nyumba ile ya urithi iliuzwa, kila mtu akapata fungu lake, na mamangu, mwenye miaka 71, akahamia gorofa ya nne, ya juu kabisa, katika jengo jipya upande wa Kisauni. Huko vituo ni viwili: ngazi na sebule. Ukifungua mlango wa chuma, mguu wa pili haujaingia na tayari uko mbele ya televisheni ya watu. Wiki ya tatu nilimuuliza anaionaje nyumba. "Ina pa kulala, ina pa kupikia," akasema. "Pa kukaa hapana." Nikamwonyesha sofa. Akanitazama kama mtu anayejutia karo aliyolipa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma juu ya elimu inayounganisha sayansi ya ubongo na usanifu wa majengo. Ina taasisi yake, Academy of Neuroscience for Architecture, iliyoanzishwa San Diego, Marekani, mwaka 2003. Wengi wanaoiandikia huanza na Jonas Salk, mgunduzi wa chanjo ya polio, aliyeamini kwamba fikra zilimfungukia alipokwenda kupumzika kwenye nyumba ya watawa kule Assisi, Italia. Hadithi tamu, lakini Assisi sijafika. Mimi naanzia Kisauni, kwa mama asiyelala.

Dirisha la chumba chake linatazamana na ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba ukinyoosha ufagio unaugusa. Saa nne asubuhi huwasha taa. Sasa, nyuma ya jicho la mwanadamu mna seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu. Zinapima mwanga tu, na kupeleka habari kwenye saa ndogo iliyo ndani ya ubongo inayoamua lini tusinzie na lini tuamke. David Berson na wenzake walizieleza mwaka 2002 kwa kuchunguza macho ya panya, na mwaka 2017 waliofumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli walipewa Tuzo ya Nobel. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga mkali wa asubuhi. Kule Kibokoni mamangu aliswali alfajiri, kisha akafagia uwani mbingu ikipambazuka juu ya kichwa chake. Hakuwa akijua kwamba anatia saa ufunguo. Siku hizi asubuhi yake ina kiza, na usiku wake una taa nyeupe ya ngazini inayopenya juu ya mlango mpaka kitandani. Sisemi jengo pekee ndilo lililomnyima usingizi. Uzee una sehemu yake, na kuuza nyumba uliyozaliwa pia kuna maumivu yake. Lakini ukitaka kuiharibu saa ya mtu makusudi, huna haja ya kufanya zaidi ya hapo.

Ule ukuta nao una utafiti wake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya 1972 na 1981. Nusu yao walilala vyumba vyenye dirisha linaloona miti, nusu wakaona ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na wakahitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Alichukua wale tu waliopasuliwa kati ya Mei na Oktoba, maana miezi mingine miti ya huko haina majani. Sisi mwarobaini wetu haujui likizo. Upande mmoja wa ploti ile palikuwa na mti mkubwa, wasema majirani, ukakatwa ili lori la kokoto lipate pa kugeuzia.

Jambo lililonitisha zaidi ni kupotea. Mara mbili mamangu alisimama gorofa ya tatu akilazimisha ufunguo kwenye mlango wa watu, mpaka mwenye nyumba akatoka na mwiko mkononi. Nilidhani ndiyo yale maradhi ya kusahau yameanza. Tukampeleka akapimwa, akaonekana mzima, na akarudi akiwa amenikasirikia mimi.

Kisha nikasoma habari za John O'Keefe, aliyegundua mwaka 1971 kwamba katika ubongo wa panya, ndani ya sehemu iitwayo hipokampasi, mna seli zinazowaka mnyama anapofika mahali fulani. Hii hapa ni kona, kule ni mlangoni. Ni ramani iliyoandikwa kwa nyama. Aligawana Nobel ya 2014 na May-Britt na Edvard Moser. Baadaye watafiti waliwaweka panya katika vyumba vinavyofanana, vilivyopangwa sambamba, na seli nyingi zikawaka vilevile katika kila chumba. Ramani ilishindwa kutofautisha chumba cha kwanza na cha nne. Basi fikiria jengo ambalo kila gorofa ina vigae vya rangi ya maziwa, milango minne ya chuma ya kahawia, na taa moja. Mtu anapanda ngazi akiwa amechoka, na kikapu cha soko la Kongowea mkononi. Lililomchanganya mamangu ni jengo lisilompa alama.

Mji wa Kale umejaa alama. Mlango huu umenakshiwa, ule una misumari, roshani ya huyu imeegemea upande, pale kona ukuta umemenyeka hadi matumbawe yanaonekana. Hata mgeni aliyepotea Ndia Kuu huelekezwa kwa vitu kabla ya majina. Ndiyo maana mwaka 2018, lilipotoka agizo kwamba majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu, niliguna. Mji ulipendeza kwenye picha, sikatai. Lakini "nyumba ya kijani, kata kulia" ilikuwa anwani ya watu. Mamangu kwa upande wake alifunga leso kuukuu kwenye chuma cha ngazi ya gorofa yake, na kwa wiki mbili hakukosea mlango hata siku moja. Keateka, mtunza jengo, akaiondoa, eti inachafua jengo.

Hapa yafaa nipige breki, kwa sababu elimu hii ina washabiki wanaoivuta kuliko urefu wake. Kuna utafiti maarufu wa 2013, wa Oshin Vartanian na wenzake, ambapo watu walilazwa ndani ya mtambo wa kupiga picha za ubongo wakaonyeshwa picha za vyumba vya mapindo na vya pembe. Walivisifu vya mapindo zaidi. Sawa. Lakini mtu aliyelala ndani ya mtambo unaonguruma, akitazama picha ya chumba, hayumo chumbani. Hatoki jasho, hasikii harufu ya samaki wa jirani, wala hana kodi ya kulipa tarehe tano. Mfano mwingine: Gabriel Radvansky alionyesha mwaka 2011 kwamba kupita mlangoni humfanya mtu asahau alichokuwa nacho kichwani, kama vile kizingiti kinafunga ukurasa. Nilifurahi sana, nikamkumbuka nyanya na kizingiti chake. Miaka kumi baadaye watafiti wa Australia wakajaribu tena na hawakuliona jambo hilo kwa urahisi, ila pale watu walipokuwa wameelemewa na kazi nyingine kichwani. Sitashangaa nikikuta bango kule Nyali linauza fleti "zilizobuniwa kwa ajili ya ubongo wako", ukuta mmoja umepindwa na bei imeongezwa milioni mbili.

Utafiti ulioniingia kweli hata hauna picha ya ubongo. Miaka ya sabini Andrew Baum na Stuart Valins waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Kundi moja liliishi katika bweni lenye ujia mrefu, vyumba vikifunguka huku na huku, watu zaidi ya thelathini wakichangia ujia huo na bafu. Kundi la pili liliishi katika vyumba vilivyokusanywa vichache vichache kuzunguka sebule ndogo. Eneo la kila mtu lilikaribia kuwa sawa. Wa ujia mrefu walihisi wamebanana, wakaanza kukwepa watu, na hata walipoketishwa kwenye chumba cha kungojea pamoja na mgeni walijitenga naye zaidi. Kilichowachosha ni kukutana na watu bila kupata nafasi ya kuchagua wakati wala namna, maana kati ya kitanda na umati hapakuwa na kituo.

Hiyo ndiyo kazi ya baraza, na ya daka, na ya uwani. Tumezizoea kuziita utamaduni, tunaziandalia tamasha na kuzipiga picha. Mimi naziona kama vali, zinazompa mtu uwezo wa kupunguza na kuongeza watu. Jirani anakujulia hali bila kuingia kwako, nawe unamkaribisha bila kumwonyesha kitanda chako. Mamangu sasa ana njia mbili tu: afunge mlango wa chuma awe peke yake, au aufungue na jengo zima liwe sebuleni. Amechagua kufunga. Majirani wote wamechagua kufunga. Fleti ishirini zinatumia ngazi moja, na mimi nimejua jina la mtu mmoja, yule wa mwiko.

Sitaki tudanganyane juu ya zamani. Baraza lilikuwa la wanaume kwanza, na wanawake waliokaa pale mchana kutwa walihesabika. Vyumba vya ndani vilikuwa na kiza, maji yalikuwa tabu, unyevu ulipanda kutani. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, wala si na raha ya mtu. Mamangu mwenyewe hataki kurudi kwenye choo cha uwani. Ila ule ukuta wa matumbawe, unene wake karibu nusu mita, ulilichelewesha joto la mchana, na dari ya juu ililiweka mbali na kichwa. Gorofa ya nne ina slabu ya zege inayokunywa jua tangu asubuhi na kulitapika usiku, msimu wote wa Kaskazi. Julai 2016, kule Boston, watafiti waliwapima wanafunzi 44 wakati wa joto kali, na wale walioamka katika mabweni yasiyo na kipoza hewa walijibu majaribio polepole zaidi, kwa takriban asilimia 13 katika moja ya majaribio hayo. Wale walikuwa vijana wenye afya. Na sisi ndio tunaowafanyisha watoto mitihani chini ya mabati. Kusi inavuma Mombasa miezi mingi, haitozwi bili, lakini inagonga ukuta wa jirani na kurudi baharini.

Nilimpandisha ngazi rafiki yangu msanifu majengo, aje aone. Alicheka. "Ndugu yangu, baraza hailipi kodi," akasema. Nikamwambia atoe futi yake basi, tupige hesabu kama wafanyabiashara. Tulipima pale mlangoni kwa mamangu. Mlango ungerudishwa ndani sentimita 60 tu, kwa upana wa mita moja na nusu, pangepatikana kijidaka chenye benchi la zege la kukalia watu wawili, nje ya njia ya ngazi. Ni chini ya mita moja ya mraba. Fleti ni nne kwa gorofa, na ukihesabu ya chini ni gorofa tano. Jumla, mita za mraba 18. Dirisha dogo ngazini lenye kutazama mashariki na rangi tofauti kwa kila gorofa havigharimu hata nafasi.

"Mita 18," akasema, akikunja futi. "Hiyo ni bedsita moja, chumba kizima cha kupangisha." Akanyamaza kidogo. "Mwenye jengo hatakubali kupoteza bedsita."

Mamangu alikuwa akitusikiliza kutoka ndani. Akatoka na kile kigoda chake cha mbuzi, cha kukunia nazi, akakiweka kwenye zulia la mlangoni, akakaa miguu ikiwa ngazini. Akamwambia rafiki yangu apite pembeni, keateka hafiki mpaka saa kumi.