Bibi Kaitikia Dua Yake Mwenyewe

Klipu ya mie na bibi kwenye hitma, mnayotumiana tangu jana, si kamili. Binamu yangu kaanza kurekodi watu wameshacheka, halafu kasema nilikimbia. Sikukimbia. Nilikwenda chooni haraka.

Mnajua nafuatilia ukoo wa bibi mzaa mama, maana sisi Wadigo zamani mtu alihesabiwa kwa mama yake. Wazee wa Ngamiani, Tanga mjini, wamenichoka. Tarehe hawana, wana matukio: huyu kazaliwa reli ya Tanga inaanza kujengwa, ndiyo 1893, yule mwaka wa nyuki. (Novemba 1914, jeshi la Mwingereza lilishuka Tanga kumpiga Mjerumani, nyuki nao wakaingia vitani.) Hata kwenye magofu ya Tongoni nilifika, nikazunguka makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15, kana kwamba kuna wa kwetu aliyewahi kujengewa nguzo!

Jana hitma. Nikaombwa majina ya marehemu. Msomi wa ukoo nikampa maalimu karatasi mbili, zimepigwa chapa.

Wanaume tuko barazani mkekani, wanawake ndani nyuma ya pazia, pilau inanukia. Kwenye dua tunaita mtu kwa jina la mama. Mwanahamisi binti Mwanaidi. Amina. Mwanaidi binti Mwanahamisi. Amina. Huyo ndiye wa nyuki. Kwetu majina ya kike ni hayo mawili tu, mjukuu anarithi la bibi, yanapishana hivyo hivyo hadi kiama. Maalimu akageuza karatasi, akafuta miwani kwa pindo la kanzu, akasoma: Mwanaidi binti Mwanahamisi. Amina ikatoka kubwa kuliko zote. Mie nimefumba macho, viganja juu, machozi yananilenga. Maalimu akapandisha sauti: Mola amwangazie kaburi lake, ampanulie...

"Nani huyo?"

Sauti kavu, nyuma ya pazia.

"Maalimu, huyo wa pili kafa lini?"

Maalimu akanitazama. Baraza nzima ikanitazama. Pazia likasogea, ukatoka mkono wa hina, zikafuata bangili, ndipo uso wa bibi yangu mdogo, anatafuna tambuu taratibu. (Ndiyo, ndiye aliyenisimulia nusu ya karatasi ile. Hebu nyamazeni.)

"Shikamoo, bibi." Ndilo lililonijia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo kaburi linaloangazwa umenichimbia wapi?"

Aliyeanza kucheka ni maalimu, na hilo binamu hakulirekodi. Mengine mmeyaona. Nimeomba radhi, nimepeleka kuku, radhi imepatikana nusu. Leo nimempigia simu, kapokea: "Marehemu hapa, sema."

Daftari langu kalizuia. Mama wa yule Mwanahamisi wa kwanza alitokea Pangani au Vanga, anajua yeye peke yake, na bei katangaza: sukari kilo mbili na doti ya leso. Mwenye duka la leso bei poa aniambie.